Udongo wa Nyuma ya Jiko

Wa kwanza kuisema ile harufu alikuwa mteja wangu wa mapazia, mama mmoja aliyekuja kuchagua kitambaa cha sebuleni kwake. Alikaa kwenye kochi, akanusa, akatazama huku na huku kwa adabu, halafu akaniuliza kama kuna panya amefia nyuma ya kabati. Nikamwambia nitaangalia. Nilijua hakuna panya. Harufu ilitoka juu ya kabati la vyombo, kwenye ndoo ya rangi ambamo mama yangu alikuwa amepanda ua lake.

Wakati huo nilikuwa nashonea nyumbani, Mbagala, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Cherehani yangu ilikaa karibu na dirisha, na ua lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Ni lile ua la kutambaa ambalo watu wengi wanalo majumbani, lenye majani ya umbo la moyo, ya kijani yenye mabaka ya njano, ambalo hata ukilitia kwenye chupa ya maji linaishi. La mama lilikuwa limeshuka kutoka juu ya kabati, likafuata ukuta kwa misumari na nyuzi nilizomfungia, likapita juu ya dirisha, na ncha yake ikawa inaelekea kwenye mlango wa chumba chake. Mara nyingi nilikuwa nashona nikihisi mtu kasimama nyuma yangu. Nikigeuka naona majani.

Mama alihamia kwangu baada ya nyumba yetu ya Kimara kubomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Baba alishafariki zamani, tangu niko sekondari. Asubuhi ile ya kubomoa, kila mtu mtaani alikuwa anaokoa kitu: mabati, milango, madirisha ya nondo, hata matofali. Mama alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, akaanza kuchimba. Alijaza udongo kwenye kiroba, akakifunga mdomo kwa kamba ya mgomba. Mie nilikuwa napandisha vitanda kwenye gari.

"Mama, huo udongo wa nini?" nilimwuliza. "Kwani Mbagala hakuna udongo?"

"Wa ua," akasema.

Akakata tawi la ua lililokuwa linaning'inia barazani, akalizungushia kipande cha kanga kilicholowa, akapanda mbele na dereva akiwa amekipakata kile kiroba. Tingatinga lilipoanza na ukuta wa sebule, mimi niligeuka kutazama. Yeye hakugeuka.

Udongo wa pale kwetu ulikuwa mwekundu, mzito, wa kufinyanga. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka kama kisigino. Kwa shamba la migomba haukuwa na neno, lakini kwa ua la ndani, kwenye ndoo ya plastiki isiyo na tundu hata moja, ulikuwa ni tope la kudumu. Nilitaka kuitoboa ile ndoo kwa msumari wa moto siku ya kwanza tu. Mama akanishika mkono.

"Usitoboe. Maji yatatoka naye."

Nilisikia hivyo, "naye", na sikujali. Mama alizaliwa Upareni, mlimani, na japo alikuwa amekaa Dar maisha yake yote ya ndoa, nilizoea kumsikia akiteleza kwenye Kiswahili akiwa amechoka. Udongo ni "nao", nikamsahihisha moyoni, nikaendelea na kazi yangu.

Kulikuwa na mambo mengine ya namna hiyo ambayo nilikua nayo bila kuyauliza. Mie ni mtoto pekee, lakini nikiwa mdogo, mama alikuwaga akiniita kula, anasimama mlango wa jiko anasema, "Nyie, njooni mle." Asubuhi ananiuliza, "Mmeamkaje?" Watoto wenzangu walinicheka. Nilidhani ndivyo wanavyoongea watu wa kwao. Na pale kwenye migomba nyuma ya jiko nilikatazwa kumwaga maji ya moto au ya sabuni. Kulikuwa na mgomba mmoja ambao mkungu wake haukukatwa. Ulikuwa unaiva unaanguka wenyewe, popo wanakula.

Basi ua lilikaa kwenye ile ndoo, na mwanzoni lilistawi sana. Mama alilimwagilia kila asubuhi kabla hajanywa chai. Nikiamka namkuta kasimama kwenye stuli, kanga mabegani, anayafuta majani. Kila ncha ya jani ilikuwa na tone la maji linaloning'inia, safi kabisa, na sakafuni chini yake pamelowa. Mama alikuwa anayapangusa kwa upindo wa kanga, moja moja, anasema kwa sauti ya chini, "Basi. Basi." Kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeshtuka usingizini.

"Linatoa jasho," nilimwambia. "Maji yamezidi chini, yanatafuta pa kutokea."

"Linalia," akasema, akaendelea kufuta.

Baadaye majani ya karibu na ndoo yakaanza kugeuka njano yote, siyo mabaka tena, yakawa yanadondoka kwenye vitambaa vya wateja. Vikaja vijidudu vyeusi vidogo vinavyoruka usoni. Ikaja harufu. Yule mteja aliporudi kuchukua mapazia yake hakuingia ndani, alinisubiri nje mlangoni.

Nilimwambia mama waziwazi kwamba lazima tubadilishe udongo. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Ongeza juu kama unataka. Usitoe." Nilijaribu kumweleza kwamba ukiongeza juu ya tope unapata tope refu zaidi. Hakubishana. Aliendelea kupepeta, na mie nikaliacha.

Lakini nilianza majaribio yangu. Nilikata vipande vitatu vya ule mtambao, nikavipanda kwenye makopo matupu nje ya dirisha la jikoni, nikiwa na wazo kwamba mama akiona lingine limestawi atakubali mwenyewe. Kijana anayeuza miche kando ya Barabara ya Kilwa aliniuzia udongo mweusi wa mfuko, akanihakikishia kwamba unafaa kila kitu, kuanzia waridi mpaka mchicha. Nilipofungua mfuko ulinikata pua, samadi ilikuwa mbichi bado. Kipande nilichopanda humo kiliungua kingo za majani, zikawa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Cha pili nilikipanda kwenye udongo wa uani kwetu niliouchanganya na mchanga wa kujengea uliokuwa umebaki kwa mwenye nyumba. Mchanga ule ni laini mno. Ulishuka chini, ukashikamana, ukawa kama sakafu.

Cha tatu ndicho kilichonifundisha. Pale sokoni, wanapofua nazi, kuna lundo la makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, na chini ya lundo kuna vumbi lake, la rangi ya chai, jepesi kama unga wa mbao. Nilijaza mfuko. Mwanamke mmoja anayeuza tui pale akaniambia niliroweke na kulisuuza kwanza maana nazi ina chumvi. Nikafanya hivyo. Nikatia na chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia, na maganda ya mpunga ya mashine ya kukoboa niliyoyaunguza mwenyewe kwenye sufuria kuukuu mpaka yakawa meusi. Na samadi kidogo, iliyokwisha kukaa na kuoza mpaka haina harufu. Ukiushika mchanganyiko ule ukaubana mkononi unashikana, ukiugusa kwa kidole unaachia. Ukimwaga maji yanapita, lakini kesho yake ukichomeka kidole unakuta unyevu. Baada ya muda jani jipya likachomoza, limejikunja kama msokoto wa karatasi.

Nilimwita mama aone. Alisimama dirishani akalitazama lile kopo.

"Zuri," akasema. "Lakini humo hamna kitu."

Nilidhani anasema hamna rutuba.

Halafu ilikuwa siku ya Jumamosi, mchana, nashona shela ya harusi, kitambaa cheupe kimejaa sakafu nzima. Nilisikia kitu kinachanika polepole, kama mshono mbovu, na ua lote likaniangukia. Shina lilikuwa limekatika kwenye mdomo wa ndoo, na uzito wa mtambao mzima ukang'oa misumari mmoja baada ya mwingine, kutoka kabatini mpaka kwenye mlango wa mama. Nilifunikwa majani kichwa na mabega. Yalikuwa ya baridi. Nilikaa hivyo, siwezi kujigusa, mpaka mama akatoka chumbani.

Hakuniangalia mie. Aliinama akaokota lile tako la shina. Lilikuwa jeusi, limeoza, linatoka ute. Akalinusa. Akakaa chini juu ya kile kitambaa cheupe na nguo yake ya jikoni, na mie sikuwa na nguvu ya kumwambia anyanyuke.

"Kafa tena," akasema.

Nilimsikia vizuri safari hii. Hakusema limekufa.

"Nani, mama?"

Nje kulikuwa na muziki wa singeli unapigwa kwa jirani, na mtu anacheka.

"Mdogo wako," akasema. "Ulikuwa hujaanza shule. Tulikupeleka kwa mama wa jirani ukashinde kule."

Nikakumbuka. Sijui kama nilikumbuka kwa sababu alisema, au ilikuwa pale siku zote. Nilirudishwa nyumbani jioni, nikamkuta baba uani anaosha jembe. Aliliosha muda mrefu, akamimina maji, akalisugua kwa mkono, akamimina tena. Aliniambia mama kalala, asisumbuliwe. Pale kwenye migomba kulikuwa na chipukizi jipya limepandwa, na udongo kuzunguka umelowa.

"Hakulia," mama akasema. "Mkunga alimpiga makofi, akamgeuza, hakulia. Alikuwa wa kiume. Baba yako alimwona mwili mzima. Mie walinionyesha mguu tu, halafu wakamfunika. Kwetu mtoto kama huyo hapelekwi makaburini, anazikwa nyuma ya nyumba, mgombani, ili akae karibu na mama yake. Baba yako alifanya kama kwetu, japo yeye si wa kwetu. Basi nilikuwa naye pale. Nikipika nilikuwa namwona. Walipokuja na tingatinga ningemwacha na nani?"

Nilitazama juu ya kabati, kwenye ndoo. Nilikuwa nimekaa nayo mgongoni miezi mingi, nashona.

"Na hakuna jina?" niliuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nawaita pamoja."

Nilimshika mama mkono, ule wenye ute wa shina, na tulikaa hivyo. Kisha nikafanya kitu pekee nilichokuwa nakijua. Nikaufuata ule mtambao kwa vidole kutoka penye uozo kwenda juu, mpaka penye kijani kigumu, palipo na vile vifundo vinavyotoa vijizizi vya hewani. Nikamwonyesha.

"Mama, hapa ni pazima. Tukikata hapa juu linaota. Ila siyo kwenye ule udongo peke yake. Utaliozesha tena."

Akavigusa vile vifundo kimoja kimoja. "Kata," akasema.

Tulivitia vipande kwenye chupa za maji, na vikiwa vinaota mizizi tukaushughulikia udongo. Kwanza ilibidi ukauke. Nilitandika turubai uani, nikaupindua ule mzigo wa tope, ukatoka kama keki yenye umbo la ndoo. Chini kabisa ulikuwa wa rangi ya kijivu na harufu yake ilinifanya nigeuze uso. Mama hakugeuza. Aliuvunjavunja kwa mikono, akautandaza, akakaa na kigoda pembeni akifukuza kuku. Jua lilipokuwa kali aliufunika upande mmoja kwa kanga. Jirani akapita akatusalimia, akauliza tunaanika nini.

"Udongo," nikasema.

Akacheka, akasema watu wa maua mna kazi.

Ulipokauka niliazima chekeche la fundi wa ujenzi nikauchekecha. Sitaisahau kazi ile. Mama alikuwa anamimina, mie natikisa, na kila mara kitu kilipobaki juu ya wavu moyo wangu ulikuwa unasimama kwanza, ndipo macho yaone. Kipande cha kigae. Ganda la konokono. Kokwa. Mzizi mkavu wa mgomba. Kitu cheupe, chembamba, nikakishika kwa kucha: kilikuwa kipande cha ganda la yai. Sikumtazama mama usoni, naye hakunitazama. Nilikuwa najua kwamba kwa miaka yote ile na kwenye udongo ule hakungebaki kitu cha kuonekana. Nilikuwa nalijua hilo na bado kila kilichobaki wavuni nilikirudisha taratibu kwenye kiroba, sikutupa hata jiwe.

Tukachanganya. Nilikuwa nimeandaa beseni la vumbi la makumbi lililosuuzwa, mkaa, maganda ya mpunga na ile samadi iliyooza. Mama akaja na bakuli la udongo mwekundu uliochekechwa.

"Nusu kwa nusu," akasema.

"Mama, nusu ni nyingi. Utafunga tena. Kiganja kimoja kinatosha."

"Kiganja kimoja ni nini? Kiganja kimoja ni mkono wake."

Tukasimama na lile bakuli kati yetu. Mwisho nikaenda jikoni nikaleta kikombe chake cha chai, kile kikubwa cha bati, nikamwambia ajaze mwenyewe. Akajaza, akakisindilia kwa kidole gumba, akaongeza juu. Nikauchanganya kwa mikono mpaka rangi nyekundu ikapotea ndani ya ile ya makumbi. Safari hii nilitoboa matundu chini ya ndoo na kuweka sahani ya kukinga maji. Mama hakunizuia. Ila alipokuwa akimwagilia, maji yakidondoka sahanini, alikuwa anayamimina tena juu, na tena, mpaka yote yananywewa.

Ua likashika. Baada ya mvua za masika lilikuwa limepita dirisha tena. Harufu ikaisha, vijidudu vikaisha, wateja wakarudi kukaa kwenye kochi.

Asubuhi moja nilimkuta mama kasimama kwenye stuli na upindo wa kanga mkononi, anatazama ncha za majani. Zilikuwa kavu.

"Mbona halilii?" akaniuliza.

Nilimweleza. Mizizi inapumua sasa, maji ya ziada yanatoka chini. Alinisikiliza mpaka mwisho kama unavyomsikiliza daktari. Akashuka.

"Udongo wenyewe mwepesi mno," akasema. "Hawezi kukaa mtu humu."

Toka siku hiyo kumwagilia kukawa kazi yangu. Yeye alihamia kwenye kiroba. Udongo uliobaki ulikuwa uvunguni mwa kitanda chake, na mchana, nikiwa nashona, nilikuwa nasikia sauti yake chumbani, ya chini, sentensi fupi fupi zenye vituo katikati, kama mtu anayeongea na simu. Nilikuwa napunguza mguu kwenye pedali ili nisikie anasema nini. Halafu nilikuwa nakanyaga kwa nguvu ili nisisikie. Siku za mvua, unyevu ulipopanda, nyumba ya Mbagala ilikuwa inanukia jiko letu la Kimara: udongo uliolowa, moshi, majani ya mgomba. Nilikuwa nainuka kutazama kama nimeacha kitu motoni.

Alipoanza kuumwa hakukaa sana. Alisema akifa arudishwe kwao, na kiroba kiende naye. Ndugu zake walitaka kujua ni kiroba cha nini, nikawaambia ni mzigo wa marehemu, na kwa sababu ya msiba hakuna aliyeuliza zaidi. Tulikodi basi dogo. Jeneza lilikaa nyuma, kiroba nikakipakata.

Njia ya kwenda kwao, Upareni, inapita Kimara. Tangu kuhama, mama alikuwa hajapita pale. Akitakiwa kwenda upande ule alikuwa anatafuta sababu ya kutokwenda. Sasa tulipita naye. Nilijaribu kukisia nyumba ilikuwa wapi, kwa kutumia kanisa lililobaki ng'ambo na mteremko wa pale kwa fundi magurudumu. Nyuma ya jiko palikuwa pamekuwa barabara yenyewe. Sikuwa na uhakika, lakini nilihisi tulipita juu yake, kwa mwendo wa kawaida, gari mbele yetu na gari nyuma. Kiroba kilikuwa cha moto mapajani. Lilikuwa jua la dirishani tu, nilikuwa najua, nikakifunika kwa mtandio.

Kaburini kila mtu alitupia udongo kidogo. Zamu yangu ilipofika nilifungua kiroba nikamimina chote, polepole, mpaka mwisho, nikakung'uta pembe. Ulikuwa mwekundu zaidi ya ule wa mlimani, ukaonekana wazi juu ya jeneza kama nguo. Mjomba mmoja, mzee, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huo wa wapi, mwanangu?"

"Wa nyumbani, mjomba."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua sepetu.

Ua bado ninalo. Nimehama mara moja, na nimelibadilishia chombo zaidi ya mara moja, maana mizizi ikijaa linadumaa. Kila nikibadilisha natengeneza mchanganyiko uleule wa makumbi, mkaa na maganda, na kila mara natia na ule wa zamani, wote, mpaka unaong'ang'ania kwenye vijizizi. Kikombe kile cha mama kimeshasambaa humo mpaka hakionekani. Huwa nikichanganya najikuta nimeinama natafuta wekundu, na mara nyingine naona chembe moja, na sina uhakika.

Juzi jirani yangu mpya, dada mmoja mwalimu, aliliona akalipenda, akaomba kipande. Nikamwambia nitamwoteshea kwenye maji. Akasema hapana, nimpatie kipande chenye mizizi na udongo wake, ndiyo halishtuki. Aliongea vizuri na ni mtu mwema, nami sikuwa na sababu ya kumnyima kipande.

Nilichomoa kimoja kilichokuwa pembeni. Nikachota maji kwenye beseni, nikaiosha mizizi mbele yake, uzi kwa uzi, mpaka ikawa myeupe.

"Mbona unakiosha hivyo, dada?" akaniuliza.

"Kina wadudu," nikamwambia. "Utatia udongo wako."

Alipoondoka nililibeba lile beseni kwa mikono miwili hadi ndani, nikayamimina maji yote kwenye ndoo ya ua.